Kanga ya Mama wa Iringo

Musoma, 26 Desemba 1984

Hili sijamwambia mtu: jana kina mama wa kanisa walipoleta zawadi za Krismasi wodi ya watoto, nilijifanya nimelala. Nina miaka kumi na sita, nimevunjika mguu, wodi ya wakubwa imejaa. Niliona aibu kupokea andazi pamoja na watoto wadogo. Mimi, niliyekuwa nimetunga hotuba nzima ya shukrani!

Mama mmoja wa mtaa wa Iringo alicheka, "Huyu miguu imepita kitanda." Akaniwekea andazi na kipande cha sabuni, ambayo nyumbani hatujaiona tangu Septemba. Kisha akavua kanga yake ya mabegani, akanifunika miguu. Nikaanza kukoroma. Mtoto wa kitanda cha jirani akasema, "Dada hakoromagi hivyo."

Leo nimeomba beseni, nikaifua kanga kwa sabuni ileile. Jioni mwenyewe akaja.

"Jana nilikuwa macho, mama," nikakiri.

"Najua, mwanangu. Kope zilikuwa zinacheza."

Hotuba yote ilinitoka kichwani. Nikasema asante, nikampa kanga ikiwa bado mbichi. Alipoondoka, nilikata sabuni iliyobaki, nikampa nusu mama wa yule mtoto mmbea.