Safari Niliyokataa Kusikia

Mujukuu wangu Neema,

Huku Koekelberg tuko salama, maman yako anakusalimia. Umeniuliza kama picha zako za safari ya meli huko Australia zinanipa wivu. Ndiyo, zinanipa. Kanguru, taa za Sydney, ule muzee wa Waaborijini aliyewapokea na moshi wa majani kwenye inchi ya babu zake: vyote vinanichoma.

Nilipokuwa mutoto, yaya yangu Feza, dada yangu mukubwa, alipelekwa Goma kwa boti, mimi nikabaki Bukavu. Aliporudi alitaka kunielezea. Nikaziba masikio, nikaimba kwa nguvu mpaka akanyamaza. Hakujaribu tena, na safari ile akaenda nayo kaburini.

Bon, nipigie simu unielezee yote, hata chakula. Wivu ningali nao, lakini masikio yangu yako wazi.

Koko wako