Herufi za Elinami

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Mwenyekiti mpya wa kikundi cha kukamua alizeti Iguguno atasoma ibara ya saba kwa sauti mbele ya wanachama. Akishindwa, kiti kinakwenda kwa aliyemfuata kwa kura. Amesema hivyo afisa maendeleo ya jamii leo asubuhi. Ndivyo katiba yao inavyotaka. Nikaandika, kwa ajili ya jarida ninalohariri hapa Singida, nikaaga.

Mwenyekiti huyo ni mdogo wangu, Elinami. Miaka thelathini na sita. Macho mazima, yalishapimwa. Shule alimaliza. Lakini herufi zinamgeukia. Si mjinga: mashine ya kukamua ikigoma, anaitwa yeye.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 17.

Jumanne, 6 Agosti
Elinami amefika Singida na basi la saa nne. Shikamoo, marahaba, chai. Nilimshauri aikariri ibara, maana ni nusu ukurasa tu. Akakataa.

"Nimekariri toka darasa la kwanza, kaka. Kanisani nashika kitabu kichwa chini na hakuna anayejua. Safari hii nasoma."

Nikampa nakala ya kikundi. Karatasi ya stensili, wino umetapakaa, mistari imebanana. "Bidii" akaisoma "didii". Akaiweka chini.

Darasa la pili, shuleni Misigiri, aliambiwa asome "Baba yangu ana ndevu." Akasoma "Dada yangu ana ndevu." Aliitwa Dada Ndevu hadi anamaliza shule. Aliyeanza kumwita hivyo ni mimi.

Jumatano, 7 Agosti
Zuhura, mpiga chapa wa jarida letu, ameniambia kompyuta ina aina nyingi za herufi. Tumetoa ibara ile ile kwa aina kumi. Nilishachagua moyoni: herufi nyembamba zisizo na mikia, safi, kama za magazeti mapya ya watu binafsi yanayotoka Dar. Kingo zote mbili za ukurasa zimenyooka. Kazi nzuri.

Elinami amezikataa. Anasema b na d humo ni mapacha, mmoja kageuka nyuma.

Nimeudhika kidogo.

Alhamisi, 8 Agosti
Nane Nane. Ofisi imefungwa, Zuhura kaja hata hivyo. Elinami alitandaza karatasi kumi juu ya mkeka. Za kulala upande zilitoka kwanza. "Hizi zimelewa." Zenye mapambo zikafuata.

Ikabaki moja, mbaya kuliko zote: herufi za taipureta, kila moja na nafasi yake sawasawa. Herufi d ina kimkia chini kulia, kama kisigino; b haina. Anaijua kwa kisigino.

Akaanza kutoa amri. Herufi ziwe kubwa zaidi. Mistari iachane. Na nisikate neno mwisho wa mstari.

"Neno si muhogo, kaka."

Nimekata maneno miaka ishirini na mbili ili safu zinyooke. Sijawahi kumuuliza msomaji hata mmoja.

Ukingo wa kulia sasa umechanika kama pindo la kanga kuukuu. Anausoma.

Ijumaa, 9 Agosti
Mara ya kwanza, dakika kumi na tano. Jioni, tisa. Amechoka, kichwa kinamuuma. Karudi Iguguno na karatasi kifuani.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimempelekea afisa karatasi yetu, amekataa. Lazima asome nakala rasmi, ile ya stensili.

Nilibaki pale saa nzima. Nikamuuliza kama katiba imetaja aina ya herufi. Akaipekua yote. Haijataja. Basi amekubali kwa sharti: neno kwa neno, na yeye mwenyewe alinganishe kabla ya kupiga muhuri. Kosa moja, hapigi. Muhuri ni kesho saa nane.

Jumanne, 13 Agosti
Nilihakiki nakala safi, iliyopigwa upya, mara tatu. Zuhura mara mbili. Elinami alifika saa tano, akaweka kidole, akaanza. Mstari wa tano akasimama.

"Kaka, 'dado' ndiyo nini?"

Nikamwambia ni "bado", amegeuza.

"Sijageuza. Ina kisigino."

Nikaangalia. Ina kisigino. "Mwanachama ambaye dado hajafundishwa mashine asiiguse." Tulipita hapo mara tano, watu wawili wa kazi, tukasoma tulichotarajia. Yeye anasoma kilichopo.

"Pole, Dada Ndevu," akaniambia. Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Nimeomba radhi pia, kwa lile la Misigiri. Akasema amesikia.

Zuhura akatoa nakala nyingine. Muhuri umepigwa saa nane na nusu.

Jumamosi, 17 Agosti
Iguguno. Wanachama thelathini na mmoja. Nilisimama nyuma. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza. Alipoteza mstari mara moja, akaurudia toka mwanzo wake. Mtu mmoja akaguna. Akina mama wakamgeukia. Dakika saba. Afisa akasaini.

Nampenda sana mdogo wangu. Sijui kama nilishawahi kuliandika.

Watu walipotawanyika, wanawake watatu walibaki. Waliomba kuishika karatasi. Mmoja alisoma akichezesha midomo tu, hadi mwisho, kisha akauliza kama katiba nzima inaweza kuwa hivyo.

Elinami amenijibia. Jumanne tarehe 20, saa tatu asubuhi, ofisini kwa Zuhura. Tunaanza na ibara ya kwanza.