Kizazi Kilichozikwa Nzuguni

Nzuguni, Dodoma

Dada Atupele,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Mama, bado anagombana na kuku wa jirani? Huku tupo, vumbi limeshatuzoea. Nakuandikia kwa kalamu kama mwanafunzi kwa sababu kila nikikupigia Mama anataka simu iwekwe spika, na haya si ya spika.

Ule uvimbe ulitolewa, pamoja na kizazi chenyewe. Nilikubali, kwa umri huu nilikuwa namtunzia nani? Ila daktari hakupenda jinsi ulivyokua haraka. Akakitia kizazi kwenye ndoo ndogo yenye dawa ya kukihifadhi, akampa shemeji yako aipeleke maabara mjini.

Shemeji yako unamjua. Kwao kilichotoka tumboni mwa mama hakitembezwi barabarani. Kondo za watoto wetu wote kazizika yeye, nyuma ya nyumba. Wiki mbili zikapita bila majibu, daktari akamwita.

"Mzee, ndoo iko wapi?"

"Nimeizika, daktari."

"Umezika ndoo?"

"Sasa ningeifungua nitazame nini? Nimeizika na mfuniko wake."

Daktari akashika kichwa, kisha akauliza kama mfuniko ulikazwa. Mume wangu, ambaye tangu anioe hajawahi kufunga mlango wa jiko, safari hii alikuwa amekaza na selotepu kazungushia! Nilicheka mpaka mshono ukanikemea. Wakafukua, dawa ikakutwa imo, maabara wakapokea.

Si uvimbe wa kawaida, dada. Ni saratani ya msuli wa kizazi, ile inayotokea kwa nadra. Daktari mwenyewe amekutana nayo mara mbili tu. "Kwenye picha inafanana kabisa na uvimbe wa kawaida," akasema. "Bila kupima kile kizazi tungekuruhusu uende zako." Kipimo cha kifua kimeonyesha vidoa viwili kwenye pafu. Jumatatu naanza dripu za dawa ya saratani. Nilimuuliza kama nitapona. "Mama, tutaipunguza mbio. Zaidi ya hapo nisikudanganye."

Nimechoka. Na shemeji yako ndiye ananichosha zaidi: anafagia uwanja uliokwishafagiwa. Anaamini zile wiki mbili ndizo zilizoniumiza. Daktari amemwambia vidoa vilikuwepo kabla ya ndoo, mimi nimemwambia, anaitikia tu, kisha anachukua fagio. Wewe anakuogopa. Njoo umwambie, hata kwa kumfokea. Na ukija utanifulia, sitakuficha.

Nisalimie mjomba Ambakisye, mwambie mwavuli wangu najua anao. Msalimie wifi Neema, mke wa kaka, na uji wake wa ndizi ninaouota.

Mama usimpe salamu, mkalishe umwambie ukweli. Mimi nilimwambia ni malaria. Kila siku ananiuliza kama imeisha, nami sina nguvu za kuugua magonjwa mawili.

Mdogo wako mkaidi,
Tumpe