Njeru Amekubali Kupimwa

Jumamosi, Embu. Manyunyu tangu asubuhi, na huku kwetu mtaa wa Dallas tope limefika mlangoni. Lakini moyo wangu leo ni mwepesi. Wacha niandike kabla haujabadilika.

Mnaosoma hapa mnajua mimi na mume wangu Njeru tumetafuta mtoto miaka mingi. Kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na mama mkwe wangu, Weveti wa Gachoka, anamngoja huyo Weveti mdogo kwa hamu. Kila akipiga simu ni kuuliza, "Weveti anakuja lini?" Kisha ananitumia mizizi ya kuchemsha, eti ni dawa. Chungu ajabu! Nimekunywa mpaka ulimi ukafa ganzi. Njeru hajawahi kupewa hata kikombe kimoja.

Wiki jana tulienda kliniki moja Meru mjini. Kuta zimejaa picha za watoto wanene. Daktari akasema IVF yake, yaani kutungisha mimba maabarani, haikosi, nijiandae kwa mapacha. Njeru hakuulizwa hata swali moja. Alitoka akitabasamu. Mimi nilitoka na hasira.

Daktari wa leo, hapa Embu, ni mama mpole lakini hapindishi maneno. Nitadungwa sindano ili mayai mengi yakomae pamoja, yatatolewa, yatakutanishwa na mbegu za Njeru maabarani, kisha kiinitete, hiyo mimba changa, kirudishwe tumboni mwangu. Kinaweza kushika, kinaweza kukataa, hata kila kitu kikifanywa sawa. Na huenda hata hatuhitaji hayo yote. Tupimwe kwanza, sote wawili.

Akamgeukia Njeru, akamuuliza kama amewahi kupimwa. Njeru akaangalia viatu vyake. Nilijua atasema tutarudi siku nyingine, maana hilo ndilo jibu lake la miaka yote.

"Nipimwe leo," akasema.

Nilimshika mkono pale pale mbele ya daktari, bila aibu.

Majibu bado. Kusema kweli, naogopa. Yakiwa mabaya kwake, atabaki Njeru ninayemjua? Na yakiwa mabaya kwangu je?

Jioni mama yake akapiga. Kabla hajamaliza lile swali lake, Njeru akamwambia, "Mama, leo nimepimwa mimi. Huenda shida iko kwangu."

Mama yake akaomba kuongea na mimi.

"Kawira," akasema, sauti imeshuka, "ile dawa iko wapi?"

"Iko kwa jiko, Mama."

"Imwage. Weveti mdogo atangoja."

Nimeimwaga nyuma ya nyumba, sufuria nzima, huku nikilia. Jumatatu tunarudi kwa yule mama daktari, sisi wawili, majibu yawe yatakavyokuwa.