Swichi Iko Chumbani Mwao

Jumatatu, 20 Oktoba 2014

Nimemwogesha Kerubo jikoni tena, kando ya jiko, maana bafu limekuwa friji. Maji ya moto, taulo mbili, mafuta, haraka haraka. Hata hivyo kidevu kilimtetemeka. Mjukuu wangu ana miezi mitatu. Hajamkosea mtu.

Hita haijawashwa. Mashine yenyewe iko chini ya nyumba, kubwa kama kabati, nimeiona kwa macho yangu. Ni nzima. Haijaharibika. Imezimwa tu, kwa sababu ya mbuzi.

Nataka niandike hili ili nikilisoma nikiwa kwetu Nyamira niamini kwamba sikuota. Wanaume wa kanisani wana mashindano. Wana kikundi chao cha WhatsApp. Wa kwanza kuwasha hita nyumbani kwake ndiye anayenunua mbuzi wa kuchoma siku ya Thanksgiving, na wenzake wanamla mbuzi huku wakimcheka. Kila asubuhi wanatumiana picha za swichi zao kuonyesha bado zimezimwa. Mkwe wangu, Baba Kerubo, tangu aje Minnesota hajawahi kununua mbuzi huyo. Anajivunia hilo kuliko digrii yake.

Watu wazima. Wana vitambi.

Jumatano, 22 Oktoba

Mtu angeniuliza: Mwalimu, kwa nini usiiwashe mwenyewe?

Kwa sababu swichi iko chumbani mwao. Ndani, ukutani, kando ya kabati la nguo. Binti yangu Moraa anasema zamani chumba kile kilikuwa sehemu ya sebule. Wenye nyumba wa kwanza wakajenga ukuta katikati, swichi ikabaki upande wa kitanda. Na fundi aliyefanya kazi hiyo alilipwa. Joto la nyumba nzima limewekwa mahali wanapolala mume na mke, na hakuna aliyeona vibaya.

Kwetu mama mkwe haingii chumba cha mkwe. Hata mlango ukiwa wazi anapita akitazama mbele. Hiyo ndiyo chinsoni, na Mkisii aliyelelewa vizuri hahitaji kuelezwa. Kulala tu chini ya paa moja na yeye kulinitaabisha wiki nzima ya kwanza. Nikajiambia huku ni Amerika, mtoto lazima apate wa kumshika. Lakini chumba chao, hapana.

Nimekuwa mwalimu mkuu. Nimefukuza maafisa wa wilaya ofisini kwangu. Sasa nimeshindwa na kitufe.

Jumamosi, 25 Oktoba

Baba Kerubo alirudi kutoka dukani na soksi zangu. Nene, za sufu. Hakunipa mkononi. Alimpa Moraa anipe, yeye akabaki mlango wa jikoni akitazama friji. Adabu anayo, siwezi kumnyima hilo.

Akauliza akiwa huko huko, "Mama, mko sawa na hii baridi?"

"Tuko sawa kabisa, baba."

Ningejibuje? Mkwe haambiwi shida za mwili wako. Lakini nilijibu nikiwa nimevaa koti, ndani ya nyumba, leso mbili kiunoni na kofia ya marehemu mume wangu kichwani. Mwenye macho angeona. Yeye alifurahi, akaenda zake.

Soksi ni nzuri. Zimenikasirisha zaidi.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo nimetukanwa kwa kusifiwa.

Baada ya ibada tulikunywa chai kwenye ukumbi. Kanisani kuna joto. Nilikaa karibu na lile dirisha la chuma linalotoa hewa ya moto, nikatamani ibada irudiwe. Akaja mwanaume mmoja anayeishi Columbia Heights, ndiye mwenye kelele kwenye kikundi chao. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mama, ni wewe unatumaliza. Huyu mkwe wako anatuambia, kama mathe ametoka Kenya juzi na hajalalamika, nyinyi mnalia nini? Sasa nani ata-on heat wa kwanza? Tunaogopa aibu."

Wakacheka wote. Baba Kerubo aliinamia kikombe chake, lakini nilimwona meno.

Kumbe mimi ndiye bendera yao. Adabu yangu imegeuzwa kuwa sababu ya mjukuu wangu kuoga akitetemeka. Nimesema "tuko sawa" kwa heshima, na heshima hiyo inazungushwa kwenye simu za watu nisiowajua. Nilimeza chai ikaniunguza. Ningesema nini, na yeye amesimama pale pale?

Nimerudi nyumbani na hasira mpaka kichwa kinauma.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimemwambia Moraa. Tulikuwa tunakunja nguo za mtoto.

Nilimwambia mumeo anacheza na afya ya mtoto. Akasema mtoto ana nguo za kutosha, amempima, yeye ni nesi. Akasema wazungu wenyewe huku wanangoja mpaka Novemba, ni kawaida. Basi nikamwambia Jumatatu unarudi kazini. Nitabaki na Kerubo peke yangu mchana kutwa. Ikizidi baridi nifanye nini?

"Mum, si uingie tu u-press? Ni room tu. Hakuna mtu atakuwa ndani."

Room tu.

Nilimzaa mimi. Nilimlea mimi. Alimwona bibi yake akikaa nje na mvua kwa sababu mkwe alikuwa amelala sebuleni. Leo ananiambia ni room tu, na anakunja soksi.

Sikuongea naye tena hadi chakula cha jioni. Hata ugali nilipika mgumu makusudi.

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya kwanza. Moraa ameondoka na gari kwenda hospitali Maplewood. Baba Kerubo kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee. Mtoto mgongoni siku nzima. Tulipashana joto. Nilifungua oveni ya jiko na kukaa mbele yake na kiti, raha mustarehe, mpaka Moraa akapiga simu ya video wakati wa mapumziko akaona. Alipiga ukelele. Gesi, Mum, utaua mtoto. Nikafunga.

Kwa hiyo oveni inaua na baridi haiui. Nimeelewa.

Ijumaa, 7 Novemba

Kerubo anapiga chafya.

Nilimwomba Moraa amwambie mumewe wawashe kabla ya kwenda kazini. Akasema atamwambia. Jioni nikamuuliza. Alisahau, alichoka, walipishana mlangoni. Nikamwambia basi iwashe wewe. Akasema ngoja Mum, weekend tu, wanaume wako karibu kukubali kushindwa, wataongea Jumapili.

Mbuzi ana bahati. Kuna kikao juu yake.

Baba Kerubo ameuliza tena kama tuko sawa. Nimejibu tuko sawa. Ulimi wangu una tabia yake, hauningoji.

Jumapili, 9 Novemba

Hawakuongea. Mmoja hakuja kanisani, wakaahirisha.

Jumatatu, 10 Novemba

Theluji. Ilianza asubuhi baada ya wao kuondoka, kidogo kidogo, kisha sikuona tena nyumba ya jirani. Upepo ukaanza kupita chini ya mlango wa nyuma. Niliziba na taulo. Kwenye vioo kukawa na barafu upande wa ndani. Wa ndani.

Nilimvika mtoto kila kitu. Nilimfunga mgongoni, nikajifunika blanketi juu yetu wote wawili. Kisha akakataa chupa. Nikamtoa, nikamshika mikono. Baridi kama vijiko. Akalia, lakini kilio kidogo, cha mtoto asiyetaka kujisumbua. Kilio hicho ndicho kilichonitia hofu.

Nilimpigia Moraa. Hakushika, simu zao hufungiwa wakiwa wodini. Kumpigia mkwe nimwambie nini? Nikampigia hata hivyo. Hakushika. Jirani simjui jina.

Nilimrudisha mtoto mgongoni, nikasimama mbele ya mlango wao. Ulikuwa wazi kidogo. Nilisimama muda, mtoto mgongoni, nikimkasirikia kila mtu. Fundi aliyejenga ukuta. Wanaume na mbuzi wao. Moraa. Mama yangu aliyenifundisha vizuri hivi. Kisha Kerubo akanyamaza, na mimi nikaingia.

Nilivuta leso mpaka kwenye nyusi. Nilipita bega likigusa ukuta na uso ukiwa ukutani, kama nilivyowasimamisha watoto watundu darasani. Sikutazama kitanda. Naandika mbele ya Mungu, sikutazama. Kijiti kilikuwa kwenye OFF. Nikakisukuma. Nikabonyeza mshale wa juu mpaka nilipotosheka, na sikutosheka upesi.

Chini ya nyumba kitu kikakohoa, kikanguruma. Ikaja harufu ya vumbi linaloungua, halafu joto kwenye miguu yangu. Nilitoka kinyumenyume. Nilikaa sakafuni sebuleni juu ya tundu la hewa, Kerubo mapajani. Akanywa chupa yote. Akalala.

Mimi nililia. Kwa hasira, si kwa kingine.

Baba Kerubo ndiye aliyefika kwanza. Alifungua mlango, akasimama na theluji mabegani. Joto lilimpiga usoni. Akatazama tundu la sakafuni, akatazama mlango wa chumba chao, akatazama chini. Sikuinua kichwa. Hakuvua hata koti. Alichukua koleo akatoka kusafisha njia ya gari, na alikaa nje muda mrefu kuliko theluji iliyokuwepo.

Jumanne, 11 Novemba

Nyumba ina joto na mimi sina pa kuweka uso.

Nimemwambia Moraa anitafutie ndege. Mama aliyeingia chumba cha mkwe hakai tena mezani pa mkwe. Kwetu wazee wangeitwa, kungesemwa maneno, kungefanywa la kufanywa, watu wakatazamana tena. Hapa nitaita nani? Na Jumapili wanaume wataulizana kikundini nani aliwasha, picha itaonyesha ni nyumba hii, na itajulikana ni mimi niliyeingia. Watacheka juu ya kikombe cha chai.

Moraa amelia. Ameuliza nani atamshika Kerubo. Nimemwambia amuulize mbuzi.

Nimejuta kusema hivyo. Lakini naenda.

Alhamisi, 13 Novemba

Moraa hajatafuta ndege. Anasema ametingwa. Nimepanga nguo zangu kwenye sanduku ili aone. Nimeacha soksi za sufu nje, miguu haijui ugomvi.

Baba Kerubo hajauliza kama tuko sawa. Siku zote hizi. Sikujua ningelikosa swali lile.

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi nilikuwa jikoni nikimpa Kerubo dawa ya mafua. Kelele za drili zikaanza, upande wa vyumbani. Moraa akafunga mlango wa jikoni, akaniambia nisubiri, Baba Kerubo anatengeneza kitu. Nikasubiri. Nilidhani ni kitasa. Nilidhani anaweka kufuli kwenye mlango wao, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia Moraa.

Mlango wa mbele ukafungwa. Gari likaondoka. Nikatoka.

Swichi iko kwenye korido. Ukutani, upande wa huku, usawa wa bega langu. Ametoboa ukuta ule ule wa fundi mjinga, akapitisha nyaya, akaileta nje. Si kazi nzuri. Imekaa upande, plasta imemeguka pembeni, na unga mweupe ameufagia nusu akauacha nusu. Mlango wa chumba chao umefungwa.

Nikamuuliza Moraa mumeo ameenda wapi.

"Ameenda kununua mbuzi, Mum. Yeye na wenzake wanapelekwa na mtu fulani huko mashambani."

"Mbona yeye?"

"Aliwaambia Monday ile ile. Kwa group. Aliwaambia ameiwasha mwenyewe, ameshindwa na baridi." Akanitazama. "Walimcheka sana."

Nilirudi kukaa. Kerubo alikuwa anacheza na kifungo cha koti langu. Nililivua koti.

Amerudi jioni. Ananuka mbuzi. Alisimama mlango wa jikoni, akatazama friji.

"Mama, mko sawa?"

Ulimi ulitaka kukimbia, nikaushika.

"Bado kuna kabaridi kidogo, baba."

"Swichi ni hiyo, Mama."

Nikaenda nikaongeza kidogo. Sanduku nitalifungua kesho, leo nina nguo za mtoto za kukunja.