Betri Iliyokataa Chaja

Biliqo,
14 Septemba 2025

Dada Habibo,

Salaam aleikum. Sisi ni wazima. Mama pia ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Wewe sijui hali yako, kwa sababu umeifungia namba yangu kwenye simu yako. Ndiyo maana naandika karatasi na kumpa Ekuam wa lori.

Zile betri mbili za drili ulizonipa mwezi wa sita zimekufa. Nyumba ninayomjengea Mama imebakiza mabati sita tu, na mvua haiko mbali. Nikiziweka kwenye chaja pale dukani kwa Isnino, taa nyekundu inapepesa, basi. Nimezianika juu ya bati siku mbili, wapi!

Sema ukweli. Ulijua zimechoka. Unataka nyumba inishinde ili Mama aletwe kwako Chechelesi, watu wakusifu kwamba binti ndiye anayemtunza.

Wewe ndiye fundi, kwa hivyo nakuuliza jambo moja. Shuriye, yule wa kutengeneza pikipiki, anasema betri ikikataa chaja huamshwa kwa kuiunga na betri ya pikipiki kwa waya mbili, dakika chache tu. Nikubali au nikatae? Lori linarudi huku Alhamisi.

Ndugu yako,
Adan


Chechelesi,
17 Septemba 2025

Adan,

Aleikum salaam. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, na salamu zimeishia hapo.

Umeanika betri ya lithiamu juani kama marehemu baba alivyoanika mawe ya redio, zile betri za zamani! Haya soma, kwa sababu nilipokuwa nakufundisha ulikuwa unachezea simu. Ndani ya ile plastiki mna betri ndogo tano, na kibao cha kuzilinda. Hazitaki joto. Hazitaki kukamuliwa mpaka mwisho halafu ziachwe. Drili ikianza kulegea unasimama, unaipeleka ikachajiwe, hungoji izime. Kama huna kazi nayo, unaiweka kivulini ikiwa na chaji nusu. Wewe najua uliikamua ikafa, ukafuata mbuzi wiki tatu, ukarudi ukaikaanga juu ya bati. Hiyo taa nyekundu inakuambia betri imeshuka chini mno.

Usinisingizie. Zilikuwa nzima. Wiki ile ile nilifunga nazo fremu kumi na mbili za madirisha.

Na kuhusu Mama, ndiyo, namtaka hapa. Magoti yake ni mabovu, na wewe unamweka mahali ambapo kumfikia daktari ni safari ya siku nzima, ili usionekane mwanamume aliyeshindwa na nyumba. Una kiburi, Adan, na anayeumia ni yeye. Sikutumii betri nyingine. Ukitaka kushindwa, shindwa.

Dada yako,
Habibo


Biliqo,
2 Oktoba 2025

Habibo,

Salaam aleikum. Mwandiko huu ni wa mke wangu Tiya. Mimi nasema, yeye anaandika, maana mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

Barua yako ilifika. Niliisoma mara mbili nikitafuta jibu langu, sikuliona. Nikasema, kama ingekuwa hatari angeniambia, hata kama ananichukia. Jumamosi tukaiunga betri moja, ndani ya ile nyumba mpya kwa sababu ya upepo. Ilikaa kimya kama dakika nne, Shuriye akacheka, akasema inaamka. Halafu ikavimba, ikaanza kufoka na kutoa moshi. Mama alikuwa amekaa kando ya mlango. Nikaishika niitupe nje, ikapasuka mkononi. Vipande viliangukia mikeka yake, moto ukapanda kwenye mbao. Mama nilimtoa nimembeba mgongoni, hakuguswa. Nyumba imeisha yote. Nesi anasema vidole viwili havitafanya kazi tena.

Jana Mama alitaka asomewe barua yako. Tiya akamsomea yote, na matusi pia. Ilipokwisha Mama akauliza, "Sasa swali la Adan amelijibu wapi?" Tiya akageuza karatasi, akaangalia nyuma. Hakukuwa na kitu.

Mama amesema nikuandikie kwamba haji Chechelesi.

Adan


Chechelesi,
5 Oktoba 2025

Adan,

Kabla ya salamu: ile betri ya pili usiiguse na usimpe Shuriye. Mwambie Tiya aichukue kwa koleo, aiweke nje ya boma kwenye mchanga mtupu, mbali na watu na mbuzi. Afanye hivyo sasa, barua mtaimaliza baadaye.

Salaam aleikum, ndugu yangu. Sina uso wa kuwauliza hali.

Jibu lilikuwa usiiunge. Kila fundi wa drili hapa mjini analijua. Sikulisahau swali lako, Adan. Nililiona, nikasema nitalijibu mwisho, nikishamaliza kukutukana. Nilipomaliza nilisikia raha, ile raha ya kumshinda mtu. Ekuam akapiga honi nje. Kalamu ilikuwa bado mkononi, na jibu lenyewe ni neno moja. Nikasema acha ahangaike kidogo, nikakunja karatasi.

Dada yako,
Habibo