Wanyonya Damu Wadogo Waliomshinda Okello

Dada Akinyi mpendwa,

Mvua inapiga mabati hapa Gudele, Juba, tangu asubuhi nami niko salama. Jana tulicheza tena karata za wanyonya damu, watu wanne, kila mmoja akimshambulia aliye kushotoni kwake. Safari hii nilikusikiliza: niliwaondoa wanyonya damu wakubwa katika karata zangu, nikajaza wadogo wanaoingia mchezoni haraka. Okello, fundi pikipiki Mganda anayenishinda kila Jumamosi, aliishiwa damu, yaani alama za kubaki mchezoni, kabla mkubwa wake wa kwanza hajatoka.

"Nani ilifundisha wewe hii?"

"Dada yangu."

"Basi yeye asikuje Juba!"

Kisha mke wa Okello, aliyeketi kulia kwangu, akanimaliza, maana wadogo hawadumu, halafu akanipakulia samaki. Nilicheka sana. Natamani ungekuwa mezani petu. Wasalimie watoto.

Nduguyo,
Otieno